Uso wa Shija, Macho ya Bibi Milembe

Mwanangu Kabula,

Wewe uko chumbani unakunja nguo, nami niko hapa barazani nakuandikia kana kwamba umekwisha kufika mbali. Mama yako amepita mara mbili, akanitazama, akacheka. "Baba Kabula, si umwite tu umwambie?" Nimemjibu kwamba yapo maneno ambayo mdomo umenishinda kuyatoa miaka yote hii, labda mkono utaweza. Basi ameniacha, ameenda kukukaangia karanga za njiani.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za kufunga mlango, wala watu wa kuwaepuka huko Dodoma. Hayo mama yako amekuambia wiki nzima, na ukifika tu atakupigia simu ayarudie. Mimi nataka kukueleza jambo nililolifanya kabla hujazaliwa, halafu nikueleze nilivyokuona mwaka huu ukifanya kazi ileile niliyoiharibu mimi. Unaenda kutengeneza picha na maneno ya kuwashawishi watu. Kazi hiyo ndiyo iliyokulisha na kukusomesha. Hapa Kanyenye, mjini Tabora, ukiona ukuta ulioandikwa "Kinyozi Bora", "Mama Lishe Karibuni" na "Usikojoe Hapa", ujue huenda ni mkono wa baba yako. Lakini hujawahi kuniuliza kwa nini sikukupeleka Bukene hata siku moja, na mimi nilishukuru kwamba huulizi.

Nilikwenda Bukene nikiwa kijana, sijaoa, nina brashi tano na majivuno ya mtu mwenye brashi hamsini. Ilikuwa miaka ile ya ukimwi mbaya, dawa za kurefusha maisha hazijatufikia. Watu walizikana kila wiki na hakuna aliyetaja ugonjwa kwa jina. Nikapewa kazi ya kuchora bango kubwa karibu na soko. Maneno niliyaletewa tayari, "UKIMWI UNAUA", na maelekezo yalikuwa mafupi: chora mgonjwa, watu waogope.

Nilipanga chumba jirani na fundi baiskeli mmoja aitwaye Shija. Alikuwa mtu mwembamba sana, mashavu yameingia ndani, kwa sababu vidonda vya tumbo vilimsumbua tangu utotoni, akila maharage anaugua siku mbili. Huyu Shija alinipokea kama ndugu. Baiskeli yangu aliitengeneza bila kunidai kitu, na jioni alikuwa akinikaribisha mkekani tukila ugali na mkewe. Uso wake nikaujua kuliko uso wangu mwenyewe. Na nilipopanda ngazi kuchora mgonjwa wangu, mkono ukachora uso ule.

Nataka nikuambie ukweli hapa, maana nimejidanganya kwa muda mrefu. Nilipofika kwenye taya nilijua ninamchora nani. Nilishuka, nikasimama mbali, nikaona ni yeye hasa, na furaha ikanijaa. Nikasema moyoni, hii ndiyo picha bora niliyowahi kuchora. Nikapanda tena, nikaongeza kivuli chini ya macho.

Bango lilifanya kazi, mwanangu. Watu walisimama mbele yake wakinong'ona, akina mama walifunika watoto nyuso. Aliyenipa kazi alinisifu mbele ya watu. Siku ya tatu mke wa Shija alikwenda sokoni kununua nyanya na muuzaji akamwekea chini, hakutaka kumpa mkononi. Wiki haikuisha, wateja wa baiskeli wakaanza kwenda kwa fundi wa upande wa pili wa reli. Watoto wakawa wanapita mbele ya kibanda chake wakikimbia.

Shija alinijia asubuhi moja nikiwa nachanganya rangi. Hakupiga kelele.

"Rafiki yangu," akasema, "lile bango ni mimi."

"Siyo wewe, Shija. Ni mchoro tu. Ni mtu yeyote."

"Mtu yeyote mbona ana kovu langu la kidevuni?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamwambia kwamba kovu ni bahati mbaya ya brashi, kwamba watu wakielimika watasahau, kwamba bango lile linaokoa maisha na yeye asiwe mbinafsi. Neno hilo "mbinafsi" nililitumia mimi, kwa mtu aliyenilisha. Akasema, "Lifute tu pale kidevuni." Nikamwambia kazi ikishakabidhiwa si yangu tena. Uongo. Ngazi ilikuwa yangu na rangi ilikuwa yangu. Ningeweza kufuta kabla jua halijawa kali.

Mwezi uliofuata yeye na mkewe walipakia vyombo vyao kwenye treni, wakaondoka. Watu wakasema ameenda kufia kwao. Mimi nikarudi Tabora, nikaoa, ukazaliwa wewe, na kila nilipopata kazi ya bango la kufundisha jamii nilichora watu wasio na sura, vichwa vya duara kama viazi. Wenzangu walidhani ni mtindo wangu.

Ndiyo maana mwaka huu nilipoletewa kazi ya kijijini kwa mama yako nilitaka kukataa. Ukanisihi twende, nikakubali kwa sababu yako, kwa kuwa ulikuwa umemaliza chuo na umekaa nyumbani bila kazi, na nilitaka ushike brashi badala ya kushika tama.

Kazi yenyewe unaikumbuka, lakini nataka uione kwa macho yangu. Mtoto wa Maganga alikuwa amefariki kwa homa. Mganga wa kupiga ramli akapita, na baada yake maneno ya uchawi yakaanza kumzunguka Bibi Milembe, kwa sababu ni mjane, anaishi peke yake, na macho yake ni mekundu. Siku moja akaamka akakuta mtu ameandika kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba yake neno moja tu: ONDOKA. Mwenyekiti wa kijiji akaogopa yasije yakatokea yale yanayotokea, akaomba msaada mjini, nasi tukapewa rangi, ukuta wa ghala la zamani la tumbaku, na karatasi yenye maneno: "KOMESHA MAUAJI YA VIKONGWE". Na mchoro: panga, damu, na bibi analia.

Nilikuwa nimekwisha kuchora mstari wa panga uliponishika mkono.

"Baba, ngoja. Hili neno vikongwe."

"Lina nini? Ndiyo neno lenyewe."

"Kikongwe, vikongwe. Kama kiti, viti. Nani anamwita bibi yake mzaa baba kikongwe? Tukimwandika hivyo tumeshamtoa kwenye watu, halafu tunawaomba watu wamhurumie."

Mwanangu, nimeandika neno hilo kwenye kuta nne katika maisha yangu na sikuwahi kulisikia. Nilishuka kwenye ngazi nikakaa juu ya ndoo. Nikakuuliza, sasa tuandike nini? Ukasema hujui, ukaomba siku chache. Nilikasirika kidogo, kwa sababu nilizoea kumaliza ukuta kwa siku mbili. Lakini nilikuacha.

Ukaanza kwa kwenda kwa Bibi Milembe mwenyewe. Mimi nilikufuata nikakaa nje. Nilikusikia ukimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba kwa sauti ya mtu ambaye hajaamkiwa siku nyingi. Hukumuuliza habari za mkaa ukutani. Ulimsaidia kumenya viazi vya kukausha michembe, mkawa mnazungumza habari za mvua na za kwaya. Siku ya pili ndipo ulipomwambia kwamba ungependa kumchora, na ukamuuliza kama anakubali.

Kuuliza kule! Lilikuwa jambo dogo kiasi hicho, na mimi miaka yote sikuwahi kulifanya.

Akafikiri, halafu akakuambia, "Nichore na kitenge changu cha kanisani, siyo hili gunia. Na usinichore ninalia, mjukuu wangu. Nimelia vya kutosha na hakuna aliyeacha neno lake."

Ukamwuliza macho yalianza lini kuwa mekundu. Akacheka. "Moshi, mama. Jiko langu halina dirisha. Na misibani nani anapika? Harusini nani anapika? Toka nimeolewa hapa masufuria makubwa ya kijiji hiki ni mimi."

Basi ukatoka pale ukaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, na swali lako lilikuwa moja: umewahi kula kwa Bibi Milembe? Hukuwaambia uchawi haupo. Hukuwatisha kwa polisi. Nakumbuka yule mwenye duka alivyokunja uso, akasema hana habari za bibi yule, halafu akasema, "Lakini michembe yake, loo. Tulikuwa tukitoka shule tunapitia kwake, anatugawia kwa kikombe." Mkewe akasema, "Na mimi nilipojifungua huyu wa kwanza ni yeye aliyenipikia uji siku saba." Wakatazamana. Niliona aibu ikiwaingia polepole, na wewe hukuisukuma. Uliandika kwenye daftari lako, ukawashukuru, ukawauliza kama utaruhusiwa kuwaweka kwenye picha. Nyumba nyingi zilikubali. Nyingine zilifunga mlango, nawe ukazipita.

Kwa Maganga nilikukataza. Nilikuambia mtu mwenye msiba ana hasira, tena hasira yake ina jina. Ukaenda. Ulikaa naye karibu saa nzima, na uliporudi nikakuuliza mmesemaje. Ukasema, "Nimempa pole ya mtoto, baba. Amenionyesha daftari lake la shule. Basi." Nikakuuliza kama ulimweleza habari ya picha. Ukasema hapana, hakuwa na nafasi moyoni.

Halafu ukachora. Mimi nilikuwa nakuchanganyia rangi tu, na nakuambia leo kwamba sijawahi kufurahia kazi ya usaidizi namna ile. Jiko la Bibi Milembe likatokea ukutani, mafiga matatu, sufuria kubwa, yeye ameinama anapuliza moto, kitenge cha kanisani kimemkaa vizuri, na moshi ukipanda ukimzunguka uso. Mbele yake mstari wa watoto wenye mabakuli, na kila mtoto ana sura ya mtu mzima wa kijiji kile. Yule mwenye duka ulimchora ana kaptura iliyochanika. Mkewe yeye ulimweka mtu mzima, kichanga mgongoni. Watu walikuja wakawa wanajitafuta, wanacheka, wanaonyeshana vidole: "Huyu si wewe? Tazama masikio!" Na juu ukaandika kwa herufi zako za mviringo:

MACHO YAKE NI MEKUNDU KWA KUTUPIKIA SISI.

Siku ya mwisho Maganga akaja. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, mikono nyuma, na mimi nikashika mkono wa ngazi kwa nguvu kwa sababu nilidhani atakurukia. Alisoma maneno. Akatazama mtoto mmoja mmoja mpaka mwisho wa mstari.

"Mimi mbona simo?" akauliza.

Ukageuka ukamjibu taratibu, "Sikuwa na ruhusa yako, baba."

"Nilipougua surua mama yangu alikuwa Ulyankulu kwa ndugu zake. Nani unafikiri alinilisha? Niweke."

Ukamwambia asimame kwenye mwanga. Akasimama hapo kama mwanafunzi, mtu mzima yule, mpaka ulipomaliza. Halafu akasogea, akakuuliza kwa sauti ya chini, nami nilisikia kwa sababu nilikuwa karibu nimekushikia kopo la rangi: "Nani sasa nitamlaumu?" Ulimshika mkono, rangi na yote.

Sikudanganyi kwamba mambo yote yaliisha pale. Unajua kwamba Bibi Milembe bado analala kwa mjukuu wake, na wapo wanaonong'ona mpaka leo. Aliyeandika ONDOKA hajajulikana. Lakini mchana yuko nyumbani kwake, watoto wa shule wanapita, na wiki mbili zilizopita kulikuwa na harusi, wakamfuata akapike. Mama yako alikuwepo. Anasema Maganga ndiye aliyembebea kuni.

Mtu akaipiga ile picha kwa simu, ikaondoka. Mababu zetu walitoka hapa na mizigo begani wakafika pwani baada ya miezi mitatu wakiwa wamekonda. Picha yako ilifika Dodoma kabla ugali haujaiva. Ndiyo hiyo iliyokupatia kazi. Ninachokuomba, huko utakakokaa kwenye kiti na kompyuta, mbali na ukuta, kumbuka kwamba wewe ulikula viazi na yule uliyemchora. Watakuambia hakuna muda. Mimi pia niliambiwa hivyo, na nilipenda kuambiwa hivyo, kwa sababu mwenye haraka haulizwi kitu.

Sasa nikueleze nilipokwenda ile Jumamosi niliyokuaga kwamba nafuata rangi. Niliporudi kutoka kijijini sikupata usingizi. Nikaulizia kwa watu wa reli, mmoja akaniambia yuko fundi baiskeli mzee anaitwa Shija, anakaa Tura, karibu na stesheni. Nilikuwa nimemzika moyoni zamani. Nikapanda treni.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anaziba pancha. Amenenepa, Kabula! Ana kitambi na wajukuu. Vidonda vya tumbo alipata matibabu miaka mingi iliyopita. Alinitazama, akanijua mara moja, akaendelea na pancha yake. Nikasimama juani mpaka akamaliza, akajaza upepo, akamkabidhi mwenye baiskeli.

Nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba nilijua ni yeye, tangu kwenye taya.

Akasema, "Picha ingenipita. Watu husahau picha. Ila uliponicheka nikaona kumbe hata wewe unajua mimi ni mzima, na bado umeniacha pale juu. Nikasema basi, hapa sina mtu."

Nikamwomba msamaha. Hakunikumbatia, na nisingestahili. Alikaa, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Nimekusikia." Kisha akamwita mkewe, mke yuleyule, aniletee maji ya kunywa. Nikanywa. Mkewe hakunisalimia, lakini aliongeza kikombe cha pili. Tukakaa mpaka treni ya kurudi ilipofika, tukizungumza habari za baiskeli.

Nimekuandikia haya kwa sababu watu hapa mtaani wanasema, "Kabula kapata kipaji kwa baba yake." Kila wakisema nainamisha kichwa. Mkono labda uliutoa kwangu. Ila kipaji cha kumwona mtu kwanza, kabla hujamfanya somo la wengine, hukukipata kwangu, maana sikuwa nacho. Umekitoa wapi sijui, labda kwa mama yako, ambaye hawezi kupita mtu njiani bila kumuuliza habari za nyumbani. Mimi ni baba yako na ni mwanafunzi wako, na sioni haya kuandika hivyo.

Juzi muuguzi wa zahanati aliniletea kazi. Anataka ukuta kuhusu akina mama kujifungulia zahanati badala ya nyumbani. Zamani ningechora jeneza na kazi ingekwisha kabla ya chakula cha mchana. Yuko mwanamke hapa nyuma ya soko alifiwa na mtoto akijifungua nyumbani, na mwaka huu amejifungua mwingine salama. Simjui. Kesho treni yako ikishaondoka, nikishamtuliza mama yako, nitakwenda kwake na kilo ya sukari, nibishe hodi, nikae nitakapowekwa. Picha sijui itakuwaje. Nitamuuliza kwanza jina la mtoto.

Nakupenda, mama. Nenda salama.

Baba yako